Mti wa Umma, Tunda la Nani? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi miji ya mbali inavyopanda miti ya matunda katika ardhi ya umma ili kila apitaye ale. Seattle, Marekani, ni mmojawapo. Leo turudi Unguja, maana suala hili kwetu si geni.

Tuanze na ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali iliitaifisha, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 ikaithibitisha kuwa ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Mila za Unguja, hata hivyo, zimetenga mti na ardhi tangu zamani: mtu huweza kurithi minazi iliyosimama katika shamba la mwenziwe. Kwa hiyo mwembe wa kando ya njia mara nyingi una mwenyewe, hata kama kiwanja si chake.

Msituni hali ni nyengine. Mabungo, furu na kunazi hujiotea katika uwanda wa mawe wa mashariki na kusini, hazikupandwa na mtu. Bungo la kuliwa njiani halikuwa na ugomvi. Lakini juisi yake inauzwa mjini, na tunda la pori likishapata bei, hesabu hubadilika: mzazi anayechukua kikapu kimoja kwa ajili ya watoto na mchuuzi anayejaza magunia hawawezi kupimwa kwa kipimo kimoja. Wa pili atashawishika kuchuma mabichi, au kuukata mbungo ulioparamia juu ili ayafikie matunda.

Njia ya kusawazisha tunayo. Sheria ya Misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya 1996, iliruhusu makubaliano baina ya Serikali na wanavijiji. Vijiji jirani na msitu wa Jozani, vikiwamo Pete, Kitogani na Charawe, vina kamati za uhifadhi. Msitu hugawanywa: pengine hapaguswi, pengine huruhusiwa matumizi kwa kibali. Jozani na Ghuba ya Chwaka zilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, utaratibu wa wanavijiji haukufutwa.

Kinachofaa sasa ni kuupeleka utaratibu huo kwenye matunda, msituni na mjini. Mji Mkongwe umebana, lakini viwanja vya skuli, hospitali na ofisi za Serikali vina nafasi ya miembe, mishelisheli na mizambarau. Kanuni tatu zingetosha: tunda lililoanguka ni la aliyeliona; la mtini lichumwe likipevuka, sheha akijua; la kuuza lilipiwe ada, na ada hiyo inunue miche na kulipa wamwagiliaji. Bila ya kanuni ya tatu, miti itavunwa na wachache, na mche ukifa hakuna wa kuulizwa.

Wiki ijayo: barabara inapopanuliwa, fidia ya mti wa umma hulipwa nani?