Uyoga na Mahali Ulipoota

Uyoga unaochumwa porini ni tunda tu. Kiumbe chenyewe kimejificha chini: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, zinazotambaa ndani ya udongo, ndani ya gogo linalooza au ndani ya kichuguu, na zinazoweza kuishi huko miaka mingi bila mtu kuziona. Mvua ikishanyesha ya kutosha, nyuzi hizo hujisuka na kuwa kifundo kidogo. Kifundo hicho hufyonza maji, huvimba, kisha hukunjuka kuwa shina na kofia. Ndiyo maana jambo linalozuka kwa ghafla husemwa limeota kama uyoga, ingawa kazi ya chini kwa chini huwa imekwisha kufanyika siku nyingi kabla. Tunda lina kazi moja, kutawanya spora, yaani lile vumbi laini linalodondoka chini ya kofia na kupeperushwa na upepo.

Uyoga si mmea. Hauna umbijani, kwa hiyo haujipikii chakula kwa mwanga wa jua. Lazima ukipate kwa kiumbe kingine: kwa kuozesha kilichokufa, kwa kubadilishana na kilicho hai, au kwa kukinyonya. Aina moja hula mti mkavu na kugusa kinyesi cha ng'ombe isikiguse. Nyingine haiishi bila mzizi wa mti fulani. Hapo ndipo mahali panapokuwa ushahidi mzito kuliko rangi. Mchumaji anayeanza huuliza uyoga una rangi gani, lakini swali la kwanza lilipaswa kuwa umesimama juu ya nini.

Mfano ulio wazi kuliko yote Afrika ni uyoga wa mchwa. Mchwa wa jenasi Macrotermes na jamaa zao hawawezi kumeng'enya vizuri majani makavu na vijiti wanavyobeba usiku kucha. Huvitafuna, kisha huvijengea ndani ya kiota masega yanayofanana na sifongo, na juu ya masega hayo huota nyuzi za uyoga wa jenasi Termitomyces, jina lililotolewa na mwanasayansi Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Nyuzi hulainisha chakula, mchwa hula. Ni kilimo hasa, na kilianza Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita, zamani sana kabla binadamu hajashika jembe.

Mvua za mwanzo zikilowesha ardhi, sega huchipuza uyoga. Ili kutoka nje, chipukizi hupenya udongo mgumu kwa ncha iliyo kileleni mwa kofia, na shina hurefuka nyuma yake mithili ya mzizi unaorudi hadi kwenye sega, pengine kina cha mita moja au zaidi. Ncha ile haipotei hata kofia ikishakunjuka: hubaki katikati kama kitovu, mara nyingi yenye rangi iliyokolea kuliko sehemu nyingine. Anayeung'oa kwa papara huukata mzizi na kupoteza alama bora kuliko zote. Anayeuchimbua taratibu kwa kijiti huiona. Kichuguu chenyewe si lazima kionekane, maana baadhi ya mchwa wafugao uyoga huishi chini kabisa bila kuinua kilima. Uyoga uliochomoza katikati ya shamba la mahindi huenda una sega lake chini ya tuta.

Jenasi hiyohiyo moja ina majitu na vibete. Termitomyces titanicus, iliyotangazwa kisayansi mwaka 1980 kutoka Zambia na Pegler na Piearce, huweza kuwa na kofia yenye upana wa mita moja, mwavuli wa kumkinga mtoto mvua. Ndugu yake, Termitomyces microcarpus, haizidi sana kifungo cha koti, lakini hutoka kwa mamia mahali pamoja kama shuka jeupe lililotandazwa chini. Hata mahali wanapoota hutofautiana. Huyu mdogo huchipuka kwenye vipande vya sega ambavyo mchwa wamevitoa nje na kuvitawanya karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo hahitaji mzizi mrefu.

Kundi la pili kwa utajiri ni lile lililofunga ndoa na miti. Katika ushirika uitwao maikoriza, nyuzi za uyoga huvika ncha za mizizi kama soksi. Huupa mti maji na madini kutoka mbali, nao mti huzilipa kwa sukari. Si kila mti una ndoa ya namna hii. Miongoni mwa miti ya misitu ya miombo, iliyotanda kuanzia Tanzania na kusini mwa Kongo hadi Angola na Msumbiji kwenye eneo linalokadiriwa kuwa kilomita za mraba milioni 2.7, wenye ushirika huo ni jamaa za myombo, mtundu na mtondoro, pamoja na mkusu na mkongo. Chini yao, mvua zikishakolea, huota uyoga wa rangi ambazo mtu angedhani zimepakwa kwa brashi: Russula wekundu, wa zambarau, wa kijani, Lactarius na Lactifluus wanaotoa utomvu kama maziwa wakivunjwa, na Cantharellus wa manjano ya yai, wa rangi ya chungwa, na hata wa kijivu wanaogeuka weusi wakishikwa.

Cantharellus wastahili kutazamwa chini ya kofia. Uyoga wa kawaida una matamvua, vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Cantharellus wengi wana mikunjo tu, butu, yenye matawi, inayoteremka hadi shinani kama nta iliyochuruzika kwenye mshumaa. Lakini kanuni hii ina wakaidi wake. Aina chache za Afrika zina mikunjo mirefu yenye makali kama matamvua, na mwaka 2012 Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake, wakitumia vinasaba, walizitenga katika jenasi yake, Afrocantharellus. Jicho lilikuwa limeona tofauti zamani, maabara ikalithibitishia.

Utafiti wa uyoga wa Tanzania una deni kubwa kwa wenyeji waliowaongoza watafiti porini. Kitabu cha Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi kilichotoka mwaka 2003 kilikusanya pamoja sayansi na ujuzi wa vijijini. Mmoja wa uyoga waliotangazwa kisayansi nchini, Amanita masasiensis, umebeba jina la Masasi. Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, wauzaji wa barabarani karibu na Lubumbashi hupanga mafungu ya uyoga wa miombo uleule kila masika.

Tofauti ya msitu na msitu huonekana mtu akipanda Usambara. Msitu wa mvua wa mlimani ni wa kijani na wenye maji kuliko miombo, na mgeni angetarajia uyoga wa kuchumwa uwe tele zaidi. Sivyo. Miti mingi ya huko haina ushirika wa namna ile, kwa hiyo Russula na Cantharellus ni adimu, na wanaotawala ni wale wa magogo. Miombo nayo ikifyekwa kwa mkaa au kwa kukausha tumbaku, uyoga wa mizizi hutoweka pamoja na miti, hata kama mvua itanyesha vilevile. Wa mchwa hubaki.

Uyoga wa magogo hautaki mti ulio hai na wenye afya. Kazi yake ni kuozesha. Wengi hawana shina la katikati, kwa kuwa wanaota ubavuni mwa gogo na hawana haja ya kujiinua. Auricularia hufanana na sikio la mtu, laini na lenye kucheza kama mpira. Jua likiwaka hukauka na kuwa gumu jeusi, mvua ikirudi hufufuka. Schizophyllum commune, uyoga mdogo wa kijivu wenye umbo la upepeo na manyoya, huota kwenye nguzo, kuni na matawi makavu ya mwembe, na hupatikana katika mabara yote isipokuwa Antaktika. Matamvua yake yamepasuka kwa urefu. Wakati wa kiangazi pande mbili za mpasuko hujikunja kuzificha spora, na unyevu ukirejea hufunguka tena.

Jamaa wa uyoga mamama, yaani Pleurotus, huota pia kwenye magogo, na ndio uyoga unaofundisha vizuri zaidi jinsi mazingira yanavyoumba sura. Wakulima wanaoupanda kwenye mifuko ya majani makavu wanalijua hili: banda likiwa na giza na hewa nzito, hutoka mashina marefu yenye kofia kama vichwa vya misumari. Hewa na mwanga vikiongezwa, mbegu ileile hutoa kofia pana zenye shina fupi. Porini mambo ni hayohayo. Uyoga ulioota ndani ya tundu la gogo na ule ulioota juu yake huweza kuonekana kama aina mbili.

Wengine hula taka. Kwenye marundo ya makapi ya mkonge huota Coprinopsis cinerea, uyoga mwembamba wa kijivu ambao kofia yake huyeyuka kuwa wino mweusi muda mfupi baada ya kukomaa. Watafiti wa Tanzania wameukuza kwa makapi hayohayo. Pia uko uyoga wa samadi, na wa majani ya mpunga.

Misonobari ilikuja na wageni wake. Miche ya kwanza iliyoletwa Afrika mara nyingi ilidumaa hadi ilipotiwa udongo kutoka kwenye misonobari mingine, udongo uliobeba nyuzi za ushirika. Leo chini ya misonobari ya Sao Hill, Mufindi, huota Suillus, uyoga wenye kofia ya kuteleza na sifongo ya manjano mahali pa matamvua. Hatua chache nje ya shamba, kwenye miti ya asili, haupatikani.

Mbali na mahali, kuna umri na hali ya hewa. Kichanga cha Agaricus kina matamvua ya waridi. Siku chache baadaye ni ya hudhurungi kama kakao, kwa kuwa spora zimeiva. Jua hupausha, mvua huosha. Amanita muscaria, uyoga mwekundu wenye madoa meupe unaoota pia katika mashamba ya misonobari kusini mwa Afrika, hupoteza madoa baada ya mvua kubwa na kupauka hadi rangi ya chungwa. Aliyezoea picha ya kitabuni hataujua. Lactifluus mkavu hautoi maziwa. Kwa sababu hizo uyoga mmoja hautoshi kutambulisha aina. Hutazamwa mchanga, uliokomaa na uliochakaa, pamoja na sehemu yote iliyozama ardhini.

Alama isiyobadilika sana ni rangi ya vumbi la spora. Kofia hukatwa shina, hulazwa kwenye karatasi iliyo nusu nyeupe nusu nyeusi, hufunikwa kwa bakuli na kuachwa usiku kucha. Asubuhi karatasi ina mchoro wa matamvua. Uyoga wa mchwa hutoa waridi. Chlorophyllum molybdites, unaotokea kwa duara kwenye nyasi za bustani na viwanja vya mpira, mweupe na mkubwa kama wa mchwa, hutoa kijani. Huu wa kijani hutapisha na kuharisha vikali, kwa kawaida ndani ya saa moja hadi tatu. Hauna mzizi wala kitovu chenye ncha.

Mwuaji hasa ni Amanita phalloides, wenye asili ya Ulaya, uliosafiri na mizizi ya mialoni hadi Afrika Kusini na California. Kofia yake ni ya kijani kibichi iliyofifia, matamvua meupe, pete shingoni na kikombe chini ya shina, ambacho mara nyingi kimefukiwa. Hata hivyo kikombe na pete si hukumu ya sumu: Amanita loosii wa miombo unavyo, na huliwa na kuuzwa Zambia na Malawi. California wahamiaji kutoka Asia wameuawa na phalloides kwa kuudhani ni Volvariella volvacea, uyoga wa majani ya mpunga waliouchuma kwao tangu utotoni. Vichanga vya aina zote mbili hufanana na yai. Lakini Volvariella huota kwenye majani yanayooza na vumbi lake ni la waridi. Phalloides husimama chini ya mwaloni na vumbi lake ni jeupe. Ujuzi wao haukuwa na kasoro nyumbani; ulihamishiwa kwenye udongo mwingine.

Kitabu cha Bart Buyck cha mwaka 1994 kuhusu uyoga unaoliwa magharibi mwa Burundi kinaitwa Ubwoba, neno ambalo kwa maandishi hayohayo katika Kirundi ni uyoga na pia ni woga. Masikio ya Kiswahili hayashangai: uyoga na woga.

Vipimo vinavyosimuliwa, kwamba uyoga ulioliwa na kima au wadudu ni salama, au kwamba sumu hugeuza kitunguu au sarafu ya fedha kuwa nyeusi, vyote havina ukweli. Konokono hula phalloides na kuendelea na safari yake. Kuchemsha na kukausha hakuondoi sumu hiyo. Dalili huchelewa, saa 6 au zaidi baada ya mlo; hutokea kutapika na kuharisha, kisha mgonjwa huonekana amepona siku ya pili, huku ini likiendelea kuharibika. Anayetapika saa nyingi baada ya kula uyoga wa porini apelekwe hospitali bila kusubiri, hata akisema amepata nafuu, na mabaki ya uyoga, yakiwemo yaliyotupwa jalalani, yabebwe pamoja naye na maelezo ya mahali ulipochumwa.