JIKO LA MAIKROWEVU LIKICHOKA: Kabla ya kuvuka Ruvuma, pima kwanza umeme wako

Na Mwandishi Wetu, Palma

WENGI wetu tuliorejea Palma baada ya mashambulizi ya Machi 2021 tulizikuta nyumba zikiwa kuta tupu. Wachache walibahatika kukuta kitu: kabati, kitanda cha chuma, pengine friji. Vitu hivyo vilikaa bila mwenyewe katika joto na chumvi ya bahari, na sasa vinakufa kimoja baada ya kingine. Kimojawapo ni jiko la maikrowevu, ambalo wenzetu waliosoma kwa Kireno huliita mikroonda, na ambalo kila anayekwenda Mtwara kibiashara hakosi kuagizwa na jirani.

Najua wapo watakaocheka. Mji umetoka vitani, watu wanatafuta mabati, na huyu anaandika habari za jiko la kupashia chakula! Nyumbani kwetu, hata hivyo, jiko hilo si anasa. Mama yangu amepita miaka sabini na mkono wake wa kushoto umelegea tangu alipopatwa na kiharusi. Kuwasha mkaa hawezi, na kuinua sufuria lenye maji ya moto ni hatari kwake. Sote tukitoka asubuhi hubaki peke yake hadi alasiri. Kwa jiko hilo hujipashia uji wake, au wali na samaki tuliomwachia, bila kiberiti wala mafuta ya taa. Lilipoanza kumrudishia chakula cha baridi, akawa anakula hivyo hivyo kimya kimya asitusumbue. Mke wangu ndiye aliyegundua. Akaniambia, "Baba watoto, mama anakula wali wa baridi wiki ya pili hii."

Shauri la kwanza alilonipa kila mtu lilikuwa moja: vuka, kanunue jingine. Nadhani ni shauri la haraka mno, na ndiyo sababu ya makala haya.

Lifanyavyo kazi

Jiko hili lilizaliwa katika kiwanda cha rada. Mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon ya Marekani, aliomba hataza ya kupika kwa mawimbi yanayotoka katika magnetroni, chombo kilichotumika kwenye rada za Vita Kuu ya Pili. Majiko ya kwanza yaliyouzwa miaka michache baadaye yalikuwa na kimo cha mtu mzima na uzito wa kilo 340 hivi. La kwetu linabebwa kichwani, lakini moyo wake ni ule ule.

Ndani yake mna transfoma inayopandisha umeme wa nyumbani, kapasita na dayodi zinazouongeza tena hadi kufikia takriban volti 4,000, na magnetroni inayougeuza kuwa mawimbi. Mawimbi hayo hutikisa chembechembe za maji zilizomo ndani ya chakula, nacho kikapata joto. Ukizima, mawimbi yamekwisha. Hayabaki ndani ya wali wala hayageuzi samaki kuwa sumu, ingawa hilo nalisikia sana barazani.

Volti hizo 4,000 ndizo zinazonifanya niseme jambo moja kwa sauti kubwa: usifungue jiko hili mwenyewe. Kapasita yake inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi, na umeme huo unatosha kuua. Tuna mafundi wa redio na simu wenye mikono myepesi sana hapa Palma na hata Mtwara, lakini aliyezoea simu ya volti 4 hana sababu ya kujua kapasita ya maikrowevu. Muulize kwanza kama anajua namna ya kuimaliza umeme kabla ya kugusa. Akisitasita, beba jiko lako uondoke.

Dalili na maana zake

Si kila jiko linalosumbua limekufa. Ukiona cheche upande wa kulia kwa ndani, tazama karatasi ngumu ya rangi ya kijivu au kahawia iliyobandikwa ukutani. Hiyo ni maika, inayokinga njia ya mawimbi. Ikirukiwa na mafuta ya samaki mara nyingi huungua na kutoboka. Kipande kipya hukatwa kwa mkasi na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na jiko. Kutupa jiko zima kwa ajili ya maika ni kama kuuza mtumbwi kwa sababu ya kasia.

Sahani ikizunguka, taa ikawaka, feni ikavuma, lakini chakula kikatoka baridi kabisa, hapo ugonjwa uko kwenye magnetroni au jamaa zake wa volti kubwa. Kwa jiko dogo la zamani, gharama ya magnetroni pamoja na fundi hukaribia bei ya jiko jipya, na mimi nisingeitoa.

Mlango ndio usio na mjadala. Viwango vya kimataifa vinaruhusu mawimbi yanayovuja yasizidi miliwati 5 kwa sentimita mraba, yakipimwa umbali wa sentimita 5 kutoka kwenye jiko, na kinachoyazuia ni mlango unaofunga sawasawa. Bawaba zikiwa zimelika kwa kutu, mlango ukiwa unacheza, au chuma cha ndani kikiwa kimetoboka, jiko hilo limekwisha hata kama bado linachemsha. Hapa pwani kutu ndiyo inayoua majiko mengi kabla ya magnetroni kuchoka.

Umeme wa nyumba yako

Sasa nije kwenye jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Jiko likionekana limedhoofika, pengine kilichodhoofika ni umeme unaolifikia. Kaskazini mwa Cabo Delgado mnajua tulikotoka. Kituo cha umeme cha Awasse, wilayani Mocímboa da Praia, kiliharibiwa katika vita na wilaya zetu zikakaa gizani kwa muda mrefu. Umeme uliporudi, nyumba nyingi ziliunganishwa kwa nyaya zilizookotwa huku na huku, nyembamba na zenye viungo vingi. Taa itawaka na simu itachaji. Lakini jiko linalotoa wati 700 za joto hula kama wati 1,100 kutoka ukutani, na waya mwembamba haupitishi mzigo huo bila kupunguza volti njiani. Magnetroni ikipata volti pungufu, joto linashuka kwa kiasi kikubwa kuliko volti zenyewe zilivyoshuka.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Chukua glasi isiyo ya chuma, tia robo lita ya maji ya kawaida, weka kijiti cha mti ndani yake ili maji yasije yakafoka ghafla, kisha hesabu muda hadi yachemke. Kwa jiko zima la wati 700 na maji yetu haya ya vuguvugu, ni dakika mbili hadi mbili na nusu. Rudia asubuhi, rudia saa moja usiku mji mzima unapopika na kutazama televisheni. Kisha libebe jiko hadi kwa ndugu mwenye nyaya nzuri, karibu na transfoma ya mtaa, upime tena.

Nilifanya hivyo. Kwetu maji yalichukua zaidi ya dakika tano usiku, na karibu nne asubuhi. Kwa binamu yangu yalichukua dakika tatu na nusu. Maana yake maradhi yalikuwa mawili: jiko letu lilikuwa limechoka kweli, na waya wetu nao ulikuwa unaiba. Ningekimbilia Mtwara tu, jiko jipya lingefika na kupika kivivu vile vile, nami ningemlaumu muuzaji wa watu bure. Tulianza na waya. Fundi alivuta mwingine mnene, moja kwa moja kutoka kwenye mita hadi jikoni, bila ekstensheni. Baada ya hapo jiko la zamani lilirudi kwenye dakika tatu na nusu, lakini bawaba ya chini ilikuwa imeoza. Hapo ndipo safari ilipokuwa na maana.

Wenye jenereta ndogo za wati 950 wasijidanganye, hazitalibeba jiko hili. Stebilaiza ndogo ya televisheni nayo itaungua.

Unachotazama dukani

Umeme wa Msumbiji ni volti 220 na wa Tanzania ni 230, yote kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Jiko lililotengenezwa kwa ajili ya Tanzania, Oman au Dubai litakwenda Palma bila matatizo. Tatizo liko kwenye vilivyotumika vinavyozunguka katika biashara ya mipakani. Geuza jiko nyuma usome kibandiko. Kikisema volti 100, hilo ni la Japani. Volti 120 na mizunguko 60, ni la Marekani. Muuzaji atakuambia ununue transfoma ya kushusha. Transfoma hushusha volti, haibadilishi mizunguko, na jiko la aina ya zamani lililotengenezwa kwa mizunguko 60 pekee likiwekwa kwenye 50 hupata joto la kupita kiasi hadi kuungua. Wanaorudi kutoka Saudi Arabia nao wasome kibandiko, kwa kuwa umeme wa huko ni wa mizunguko 60. Kikiandikwa "50/60", salama.

Kuhusu aina, nina upendeleo wangu nao siufichi. Nilichagua jiko dogo jipya la vifundo viwili vya kuzungusha, kimoja cha nguvu na kimoja cha muda, nikaliacha lile la kubonyeza lenye saa inayometameta. Vibonyezo vya plastiki laini havipatani na unyevu wa pwani. Isitoshe, umeme ukikatika na kurudi, lile la saa husubiri lipangwe upya, wakati la kifundo halina masharti hayo. Mama anazungusha kwa mkono mmoja, kengele inalia, basi. Kifundo anakijua tangu enzi za redio ya mbao.

Kwa kulivusha, sahani ya kioo itolewe na ifungwe peke yake kwenye kanga. Jiko lisimame kama linavyosimama mezani, na lisidondoshwe, maana sumaku za magnetroni hupasuka kama kigae. Kati ya Kilambo na Namoto chombo hutegemea maji ya mto, kwa hiyo lizungushie nailoni nzito. Likirukiwa na maji usiliwashe hadi likaushwe na kukaguliwa. Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 pale Mtambaswala halina maji wala wapiga kasia, ila kwa mtu wa Palma ni mzunguko mrefu mno kwa jiko moja.

Plagi, na forodha

Plagi ya Tanzania ina meno matatu bapa, ya mtindo wa Kiingereza. Soketi za kwetu ni za matundu ya duara, ya Kizungu cha bara au ya Afrika Kusini. Njia ya mkato niliyoiona kwa wengi ni kukata plagi na kufunga ya meno mawili membamba isiyo na waya wa ardhini. Jiko litawaka, lakini siku umeme ukigusa bodi ya chuma, njia yake ya kwenda ardhini itakuwa mwili wa anayefungua mlango. Funga plagi yenye ardhi, kwenye soketi ambayo ardhi yake imechimbiwa kweli. Kumbuka pia kwamba plagi ya Kiingereza ina fyuzi ndani yake. Ukiikata, fyuzi imeondoka nayo, hivyo hakikisha waya wa jikoni una kikata umeme chake.

Upande wa forodha, wafanyabiashara wengi wanaamini kuwa bidhaa ya Tanzania haina ushuru Msumbiji kwa sababu nchi zote mbili zimo SADC. Msamaha huo ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya SADC na zenye cheti cha uasilia. Jiko la China halibadiliki kuwa la Tanzania kwa kulala usiku mmoja dukani Mtwara. Juu ya ushuru ipo kodi ya IVA, iliyoshushwa kutoka asilimia 17 hadi 16 mwaka 2023. Dai risiti ya mashine dukani, ionyeshe mwenyewe Namoto, na ulipwe risiti yako pia kwa kila unachotoa. Asiye na risiti hukadiriwa bei, na makadirio ya mpakani sijayaona yakimpendelea mbebaji.

Limebaki jiko la zamani. Wanunuzi wa vyuma chakavu watalitaka kwa ajili ya shaba ya transfoma, na watoto watazitaka sumaku. Kauri ya baadhi ya magnetroni ina madini ya beriliamu, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu ikivunjwa. La kwetu nimelikata waya wa umeme, nikalifunga mlango kwa kamba na kulipandisha juu ya kabati la stoo, nikisubiri fundi anayejua kapasita aje alitoe umeme uliobaki.