Nyumba ni ya Nani? Maneno Ambatani ya Kinorwei na Msomaji wa Ibsen

Makala haya yanahusu jambo dogo la sarufi ambalo, kwa maoni yangu, limewapotosha wasomaji wengi wa Henrik Ibsen, wakiwamo wenzetu tunaokaa nao darasani. Jambo lenyewe ni namna Kinorwei kinavyounda maneno kwa kubandika neno moja mgongoni mwa jingine. Sisi wanafunzi wa fasihi tunamsoma Ibsen kwa Kiingereza, kisha tunambishania kwa Kiswahili huko nje chini ya miti. Kinorwei chenyewe hatukioni. Mimi nimejifunza lugha hiyo kiasi cha kuweza kufungua tamthilia zake nikiwa na kamusi pembeni, na ninataka kueleza nilichokikuta humo.

Tuanze na mzizi mmoja. Mwanasesere kwa Kinorwei ni dukke. Jengo, yaani kuta na paa, ni hus. Nyumbani, yaani pale mtu anapoishi na watu wake, ni hjem. Kijumba cha kuchezea watoto huitwa dukkehus au dukkestue. Tamthilia ambayo Ibsen aliichapisha Desemba 1879 haikuitwa hivyo. Iliitwa Et dukkehjem.

Hebu tulivunje neno hilo. Katika maneno ambatani ya Kinorwei kipande cha mwisho ndicho bwana mkubwa. Ndicho kinachosema kitu chenyewe ni nini, na ndicho kinachoamua ngeli. Dukke peke yake hutanguliwa na en, hjem hutanguliwa na et. Kwa hiyo dukkehjem nalo huchukua et, bila kujali dukke anataka nini. Kipande cha mbele kazi yake ni kueleza aina tu, ingawa mkazo wa sauti hukaa juu yake. Kwetu mambo ni kinyume. Katika mwanajeshi, bwana ni mwana, naye yuko mbele; tunasema mwanajeshi amefika, hatusemi limefika ati kwa sababu kuna jeshi ndani yake. Kwa hiyo msomaji Mswahili anapokutana na neno refu la Kinorwei inambidi aanzie mkiani. Ølflaske ni chupa ya bia. Geuza vipande, useme flaskeøl, umepata bia ya chupa. Tofauti ya hayo mawili mnywaji yeyote anaijua.

Mara nyingine katikati ya vipande huwekwa gundi, herufi moja tu, s au e. Mtoto ni barn na kitabu ni bok. Kitabu cha watoto ni barnebok, na ile e ya katikati ni gundi. (Katika dukkehjem e si gundi, ni ya dukke mwenyewe.) Gundi haina kanuni moja ya kukariri. Kuna lakini tabia moja inayopendeza: neno ambatani linapoongezwa kipande cha tatu, mara nyingi s hujitokeza pale kwenye kiungo kikubwa. Bilauri ya mvinyo ni vinglass, hakuna gundi. Ya mvinyo mwekundu ni rødvinsglass. Ile s inamwambia msomaji kwamba wekundu ni wa mvinyo, bilauri haihusiki.

Kuandika pamoja si urembo. Røykfritt, kwa neno moja, maana yake ni kwamba mahali hapa hapavutwi sigara. Mtu akiweka nafasi katikati, røyk fritt, tangazo linageuka kuwa ruhusa: vuta tu, jisikie huru! Wanorwei wenyewe hukosea hivyo kila siku na kuchekana.

Sasa nifike kwenye kiini. Neno ambatani halisemi uhusiano wa vipande vyake ni upi. Barnebok ni kitabu kwa ajili ya watoto. Kokebok, kutokana na kupika, ni kitabu cha mapishi. Dagbok, kitabu na siku, ni shajara. Lommebok, kitabu na mfuko, wala si kitabu, ni pochi ya kuwekea fedha! Bok ni ileile. Msomaji ndiye anayejaza pengo. Utasema a-unganifu yetu nayo ina mapengo, maana "kitabu cha mtoto" chaweza kuwa mali yake au kinachomfaa. Ni kweli. Lakini a-unganifu, tukiiacha peke yake mbele ya nomino ya mtu, huvutia upande wa umilikaji. Nyumba ya mwalimu ni ya mwalimu, basi.

Kiingereza nacho kiliipa tamthilia ile jina A Doll's House, na ile alama ya umilikaji ikazaa maswali. Tumebishana mno: nyumba ni ya nani? Kama mwanasesere ni Nora, mbona nyumba ni yake ilhali hata kukopa fedha kihalali hakuruhusiwa bila idhini ya mume? Wengine wakajibu kwamba jina ni kejeli. Ni hoja tamu, lakini imesimama juu ya kitu ambacho Ibsen hakukiandika. Katika Kinorwei hakuna mwenye nyumba, na nyumba yenyewe haimo. Kilichomo ni nyumbani pa aina fulani. Wajerumani, ambao lugha yao hubandika kama Kinorwei, walipata Puppenheim bila taabu. Wafaransa walitumia Maison de poupée, na yule de ni ndugu wa ya yetu. Katika miaka ya 1960 mfasiri Rolf Fjelde, Mmarekani mwenye asili ya Kinorwei, aliiondoa alama ile akaandika A Doll House. Umilikaji uliondoka. Nyumba ilibaki.

Si jina la juu tu. Katika mazungumzo ya mwisho kati ya Nora na Torvald, kabla mlango haujafungwa kwa kishindo, mzizi wa dukke unaanza kuzaa. Nora anajiita dukkehustru, mke wa namna ya mwanasesere, na anasema kwa baba yake alikuwa dukkebarn, mtoto wa namna hiyohiyo. Kisha anawataja wanawe kuwa nao wamekuwa wanasesere wake yeye. Angalieni jinsi kipande cha mbele kinavyobaki palepale huku bwana wa nyuma akibadilika: nyumbani, mke, mtoto. Vizazi vitatu vimefungwa kwa mzizi mmoja, na Nora si mchezewa tu, naye amechezea. Ndiyo maana sikubaliani na uhakiki unaomfanya Torvald kuwa fundi pekee wa nyumba ile. Sarufi yenyewe inakataa: aina imewaenea wote waliomo.

Torvald naye ana mzizi wake, fugl, ndege. Mkewe kwake ni lerkefugl, halafu spillefugl anapotumia fedha nyingi madukani kuelekea Krismasi, halafu sangfugl, ndege mwimbaji. Hapa kinachokaa palepale ni kipande cha nyuma, yaani bwana. Kwa hiyo Nora akisifiwa au akikemewa, jambo moja halibadiliki: yeye ni ndege. Matoleo kadhaa ya Kiingereza yamelifanya spillefugl kuwa neno la kawaida la mtu mfujaji, na ndege akaruka zake. Msomaji anaona mume anayegombeza kwa mzaha. Haoni kwamba hata ugomvi umefanyikia ndani ya tundu lilelile. Halafu mwishoni Nora anaponena mwenyewe anajiita sanglerke, na papo hapo anatamka dukke. Lerke, aliyekuwa mbele katika lerkefugl, sasa amekaa nyuma, na fugl ametoweka. (Lerke kwa Kiswahili ni kipozamataza, nalo ni neno ambatani, ila sidhani kama kuna mume wa Kiswahili atakayembembeleza mkewe kwa jina hilo.)

Je, tukifasiri tufanyeje? Ushauri wangu ni kwamba tuufasiri mzizi kabla ya neno. Tuamue kwanza dukke atakuwa nani, kisha tumshikilie kila anapojitokeza, hata kama sentensi moja moja itakuwa nzito kidogo. Na dawa ya umilikaji tunayo wenyewe: ki. Nyumba ya mfalme ni mali ya mfalme. Nyumba ya kifalme yaweza kuwa ya tajiri yeyote, mradi inafanana na ya mfalme. Huo ndio uhusiano uliomo katika dukkehjem. Ningependekeza Nyumbani pa Kisesere, halafu mke wa kisesere, mtoto wa kisesere. Najua nitaambiwa kwamba sesere bila mwana ni neno ambalo halitembei mitaani, na kwamba hadhira ukumbini haitalikamata. Pingamizi hilo nalipa uzito. Lakini jina la tamthilia huandikwa kwenye bango na kusomwa wiki nzima kabla ya onyesho, na mzizi ukishazoeleka pale, unapotokea tena saa mbili baadaye mdomoni mwa Nora utatambulikana.

Kazi ngumu zaidi iko katika En folkefiende ya mwaka 1882. Mzizi ni folk, watu. E ni gundi. Fiende ni adui. Dakta Stockmann amegundua kwamba maji ya bafu za tiba, tegemeo la mji mzima, yana uchafu. Anataka kulitangaza hilo katika gazeti la Folkebudet, yaani mjumbe wa folk. Mhariri Hovstad anaahidi kuchapa, kisha anarudi nyuma. Katika sehemu ya nne mkutano wa watu wa mji unampigia daktari kura na kumtangaza kuwa folkefiende. Anayepinga ni mlevi mmoja. Gazeti na tusi vimechipuka kwenye shina moja, na mwenye gazeti yumo katika kundi linalotusi. Tukiliita gazeti Sauti ya Umma na tamthilia tukaiita Adui wa Jamii, mkuki umevunjika mpini.

Umma ungefaa kwa yote mawili, ila una harufu ya ofisi na mashirika. Watu ni jepesi mno. Mimi naelekea kwenye wananchi: Mjumbe wa Wananchi, Adui wa Wananchi. Najua kwamba nimeongeza nchi, ambayo folk hana, na kwamba mwana naye ameingia bila kualikwa. Lakini ndilo neno ambalo kila mwanasiasa wetu hulipanda jukwaani nalo, na Hovstad na wenzake ni watu wa jukwaa. Aliye na neno bora alilete, mradi lifae kwenye kichwa cha gazeti na pia katika kinywa cha mkutano wenye hasira.