Tucheze Nini, Tununue Nini Baadaye? Busara katika Vijiwe vya Gemu vya Kariakoo



Mpendwa msomaji, ukipita jioni katika mitaa ya Kariakoo na Gerezani utakuta, kando ya maduka ya simu na vifaa vya umeme, vyumba vidogo vyenye runinga mbili tatu, mashine za PlayStation na benchi lililojaa vijana. Wawili wanacheza, wengine wanasubiri zamu, na wanaosubiri hawakai kimya. "Kaka, toleo jipya limebadilika nini?" "Mwanangu, usinunue sasa hivi, subiri bei ishuke." "Nichukue PS4 ya mtumba, au nijichange nipate PS5?"

Wazazi wengi wakisikia maneno hayo huona ni porojo za watu wasio na kazi. Makala hii inataka kuonyesha kwamba ndani ya porojo hizo mna jambo ambalo darasani tunalisoma kwa jina la busara, na kwamba busara hiyo ikiishia njiani, fedha na muda wa kijana huliwa huku mwenyewe akiona anaburudika tu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha katika Summa Theologiae kwamba busara ina matendo matatu: kutaka shauri, kuhukumu lililo jema, na kuamuru litendeke. Tulipitishe swali la kijiweni katika hatua hizo tatu.

Shauri: kijiwe kinajua nini

Kwanza tukubali kwamba kijiwe kina elimu yake. Mgeni anayeingia Kariakoo peke yake hupokewa na winga, yule kijana anayempeleka mteja dukani na kuongeza cha juu chake kwenye bei. Aliyekaa kijiweni hadanganywi kirahisi. Anajua kwamba PS4 ilitoka mwaka 2013 na PS5 mwaka 2020, na kwamba PS5 yenye sehemu ya diski husoma karibu diski zote za PS4, hivyo akihama hazitupi alizo nazo. Anajua pia kwamba ipo PS5 isiyo na sehemu ya diski. Hiyo inakulazimu kupakua kila gemu kwa intaneti, na gemu moja kubwa linaweza kupita GB 50. Kwa anayeishi kwa bando la siku, mashine ya namna hiyo inaweza kuwa nafuu siku ya kununua na ghali siku zote zinazofuata.

Diski ina faida nyingine: huzunguka. Mmoja akilimaliza gemu humuuzia mwenzake, au hubadilishana naye na kuongeza kidogo. Na kwa mashine ya mtumba, wazoefu wana utaratibu wao. Iwashwe palepale dukani, ichezeshwe hata nusu saa ili isikike kama feni inapiga kelele na ijulikane kama inachemka, diski iingizwe na isomwe, vitufe vya pedi vijaribiwe kimoja kimoja, na vijiti vya pedi viangaliwe kama vinamsogeza mchezaji vyenyewe bila kuguswa.

Kijiwe kinajua pia historia ya magemu ya mpira, ambayo ndiyo yanayotawala hapa. Si ajabu, kwa kuwa klabu ya Simba ina makao yake Mtaa wa Msimbazi na Yanga iko Twiga na Jangwani, mwendo wa miguu tu. FIFA ya kampuni ya EA ilianza mwaka 1993, na tangu mwaka 2023 inaitwa EA Sports FC baada ya kampuni hiyo kuachana na Shirikisho la Soka la Kimataifa. PES ya Konami iligeuzwa kuwa eFootball mwaka 2021 na ikawa ya bure. Kwenye simu wengi wana Dream League Soccer, ambamo huziingiza wenyewe jezi za Simba na Yanga.

Thomas anasema kwamba katika mambo ya busara hakuna anayejitosheleza. Mambo ya kutenda ni mengi na yanabadilika, kwa hiyo kila mtu anahitaji kufundishwa na wengine. Wazee wetu walilijua hilo kwenye baraza la bao: anayetazama pembeni huona kete ambayo mchezaji haioni. Kijiwe cha gemu kinafanya kazi hiyohiyo.

Shauri linapotoka kwa muuzaji

Shauri huharibika mshauri anapokuwa na faida katika jibu. Winga ni mfano mdogo tu, na angalau unamwona usoni. Mfano mkubwa umo ndani ya gemu lenyewe.

Chukua toleo la kila mwaka. EA hutoa gemu jipya la mpira kila mwaka, kwa kawaida karibu na mwezi wa Septemba. Mara nyingi kinachobadilika zaidi ni vikosi, jezi na mambo madogo ya uchezaji. Baada ya miezi kadhaa bei hushuka, na linapokaribia toleo lingine hushuka zaidi. Lakini kijana hujisikia amepitwa na wakati siku ileile toleo jipya linapotangazwa. Anadhani amejiuliza mwenyewe "ninunue nini baadaye?", kumbe swali hilo ameandaliwa na muuzaji, naye ataandaliwa tena mwakani.

Kisha kuna gemu la bure. Katika eFootball, kama ilivyo katika sehemu ya Ultimate Team ya EA, mchezaji anaweza kulipa fedha halisi ili kupata nafasi ya kutolewa mwanasoka asiyemjua mpaka pakiti ifunguke. Anaweza kupata nyota, anaweza kupata mtu wa benchi. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba pakiti za namna hiyo zinazolipiwa ni kamari kwa sheria za nchi hiyo, na Januari 2019 EA iliacha kuuza huko fedha za ndani ya gemu zinazonunua pakiti hizo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inaeleza kwamba michezo ya bahati si kinyume cha haki kwa yenyewe, ila haikubaliki kimaadili inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wale anaopaswa kuwatunza, na kwamba shauku ya kamari inaweza kugeuka utumwa. Kijana anayeweka elfu mbili mbili kwa simu ili apate mshambuliaji mmoja anafaa kujua kwamba maneno hayo yanamhusu.

Hukumu: vipimo vitatu

Wengine wangetarajia Mtakatifu Thomas aanze kwa kulaani michezo. Anaanza kwa kuitetea. Anasimulia habari ya Mtume Yohane, ambaye watu walikwazika walipomkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane alimwomba mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mishale, kisha akamuuliza kama angeweza kuendelea bila kupumzika. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo akili ya binadamu isipolegezwa. Akimfuata Aristotle, Thomas anaihesabu burudani ya kiasi kuwa fadhila, na anaona kasoro hata kwa mtu asiyecheza kamwe wala kuvumilia mzaha, kwa sababu huwaelemea wenzake. Kisha anatoa vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza: burudani isitafutwe katika mambo machafu au yenye madhara. GTA V, iliyotoka mwaka 2013, ina namba 18 kwenye kasha lake, lakini katika mabanda mengine unaweza kumkuta mtoto mwenye sare ya shule ya msingi ameishika pedi yake. Namba ile iliwekwa kwa sababu ya damu, matusi na uasherati uliomo, na mwenye banda anaiona.

Madhara yapo pia katika namna ya kununua. Mashine ya bei ya kutupa, isiyo na risiti, inayouzwa kwa haraka na mtu asiyetaka kuulizwa imetoka wapi, huenda ina mwenyewe anayeililia. Amri ya saba haimgusi mwizi peke yake, humgusa na anayenunua huku amefumba macho. Vivyo hivyo mashine iliyochipiwa ili isome kopi: tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na nyuma ya gemu kuna watu waliolifanyia kazi. Hapa kuna ugumu wa kweli, kwa kuwa diski halali mpya inaweza kumgharimu mbeba mizigo wa sokoni jasho la siku nyingi. Umaskini unatufanya tumwelewe anayenunua kopi, lakini haumfanyi mwenye kazi asiwe mwenye kazi. Na njia za haki zipo, nazo kijiwe kinazijua: diski ya mtumba, kubadilishana, gemu la bure lisilofunguliwa pakiti, au kulipia mechi bandani.

Kipimo cha pili: mtu asipoteze utulivu wa roho. Dalili zinajulikana. Aliyefungwa anataka marudiano kwa hasira, ile "ya mwisho" inafuatiwa na nyingine, na mechi ya kirafiki inageuka ya kuwekeana fedha. Anayeona hivyo kwake ana jibu la swali la kununua, hata kama fedha anayo.

Kipimo cha tatu: mchezo umfae mtu, wakati na mahali. Tuseme mechi moja bandani ni shilingi 500, na kijana anacheza mechi 3 kwa siku, siku 26 za mwezi. Hiyo ni shilingi 39,000 kwa mwezi, na shilingi 468,000 kwa mwaka. Kwa fundi simu asiye na familia, anayelala saa nne na kuamka salama, inaweza kuwa burudani yake halali. Kwa mwanafunzi anayekula nauli yake, au baba ambaye ada ya mtoto haijalipwa, mechi zilezile zina sura nyingine. Kijiwe kinaweza kuwashauri wote hao maneno yaleyale, lakini kila mmoja lazima ahukumu kwa hali yake.

Amri: kuweza kuzima

Hatua ya tatu, Thomas anasema, ndiyo hasa tendo kuu la busara: kuamuru. Wengi tunajua kushauri, tunajua hata kuhukumu, lakini mkono hautii. Hapo kijiwe hakiwezi kumsaidia mtu, na watengenezaji wa magemu hapo ndipo wanapompimia nguvu.

Mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa na PlayStation. Wasifu wake unaeleza kwamba alijiwekea saa moja tu ya kucheza kwa wiki. Hakuitupa mashine. Aliiamuru.

Kwa hiyo kijana anayejiandaa kwenda Kariakoo aandike kabla ya kutoka nyumbani kiasi atakachotumia, kitu anachokifuata, na saa atakazocheza. Toleo jipya aliache lipite miezi miwili mitatu. Amuulize pia mtu mmoja asiye na faida yoyote katika jibu. Wakinunua kwa kuchangishana, jambo ambalo ni zuri, waandikishane mashine itakaa kwa nani na mmoja akihama itakuwaje, ili urafiki usife kwa ajili ya pedi.

Wazazi, siku moja ingieni bandani mkae kwenye benchi. Mfahamuni mwenye banda na mkubaliane naye saa za watoto kuondoka. Nasi waseminari tunaotumwa kwa vijana parokiani, kwa VIWAWA na kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, tusianze na neno "acheni". Kijana akituuliza anunue gemu gani, tumuulize kwa utaratibu: limo nini ndani yake? Fedha ni ya nani, na ilikuwa ya kazi gani? Utacheza na nani? Utazima saa ngapi? Akishajibu hayo manne, kuchagua gemu lenyewe tumwachie yeye na wenzake wa kijiweni, maana hapo wanatuzidi.

Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee.