Santuri Mpya na Orodha ya Wakusanyaji

Mkusanyaji wa santuri ni mtu anayenunua, kupanga na kutunza sahani za muziki kwa miaka mingi na kwa wingi unaozidi mahitaji ya kusikiliza tu, na miongoni mwa watu wa aina hiyo ipo desturi moja inayofanana karibu kila mahali, kwamba kila apataye santuri mpya huionyesha kwa wenzake. Kwa mtu wa pembeni hayo ni majivuno ya mnunuzi, na majivuno kweli hayakosekani. Hata hivyo, katika muziki wa Afrika Mashariki desturi hiyo imezaa kazi ya maana kuliko majivuno, kwa kuwa kampuni nyingi zilizotoa santuri hizo zilifungwa bila kuacha daftari linaloweza kusomwa na umma, na sehemu kubwa ya kinachojulikana leo kuhusu nani alirekodi nini, kwa lebo gani na kwa nambari ipi, imetokana na watu waliokuwa wakionyeshana walichonunua.

Santuri ni sahani bapa yenye mfereji mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati, na sauti imehifadhiwa katika mawimbi yaliyochongwa kwenye kuta za mfereji huo, ambayo sindano huyafuata sahani inapozunguka. Zile za zamani zaidi zilizunguka mara 78 kwa dakika, zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa mitini ambao India ndiyo iliyokuwa chanzo chake kikuu, na upande mmoja wa sahani ya kawaida ya inchi 10 ulibeba takriban dakika tatu za muziki. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilileta santuri ndefu ya vinili, plastiki isiyovunjika upesi, inayozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika na kubeba dakika 20 au zaidi kila upande, na mwaka uliofuata RCA Victor ikaleta sahani ndogo ya inchi 7 inayozunguka mara 45. Mkusanyaji wa Ulaya anapozungumzia albamu aliyonunua huwa anakusudia ile santuri ndefu yenye jalada la picha, ilhali katika Afrika Mashariki soko lilitawaliwa na sahani ndogo za mizunguko 45, kwa hiyo ununuzi unaowasisimua wakusanyaji mara nyingi ni sahani ndogo iliyomo ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na picha ya mtu yeyote.

Biashara ya santuri za Kiswahili ilipata nguvu mwaka 1928, mwimbaji Siti binti Saad wa Unguja na wapigaji wake waliposafiri hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya Gramophone ya Uingereza, iliyouza santuri zake kwa nembo ya His Master's Voice yenye picha ya mbwa mbele ya gramafoni. Mauzo ya santuri hizo yalizivuta kampuni nyingine za Ulaya kutafuta waimbaji wa pwani, na katika miaka michache iliyofuata taarabu ya Kiswahili ikasikika kwa lebo kadhaa zilizokuwa zikishindana. Maisha ya Siti yanafahamika vizuri kwa sababu Shaaban Robert aliandika wasifu wake, lakini sahani zenyewe ni adimu, kwani shelaki huvunjika ikianguka, unyevunyevu wa pwani huotesha ukungu, na sindano za chuma za gramafoni za kuzungushwa kwa mkono zilikuwa zikiula mfereji kidogo kidogo kila wimbo ulipopigwa. Wenye sahani hizo walizinunua ili wazipige, wakazipiga mpaka zikachakaa, na hakuna haki ya kuwalaumu kwa hilo. Ndiyo maana leo mtu akionyesha sahani ya Siti, hata iliyopasuka, wenzake huuliza nambari yake kabla ya kuuliza sauti yake ikoje.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kurekodi na kuuza kulihamia karibu zaidi na wasikilizaji. Leopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, ilipata lebo ya Ngoma mwaka 1948, Nairobi ikawa na Jambo na baadaye Equator, iliyowarekodi Fadhili William na Daudi Kabaka, na Mombasa ikawa na Mzuri, lebo ya duka la Assanand, ambayo mtu anayefuatilia taarabu ya Mombasa ya miaka ya 1960 na 1970 hawezi kuikwepa. Kampuni za kimataifa kama Polygram na CBS nazo zilikuwa na matawi Nairobi, lakini kando yake palijaa lebo ndogo ndogo zilizomilikiwa na wenye maduka na wanamuziki wenyewe, nyingine zikitoa sahani chache tu kabla ya kutoweka. Wingi huo wa lebo ndio utajiri wa somo hili, na pia ndio unaofanya kukamilisha orodha yake kuwe kugumu.

Kwa sababu hiyo, mkusanyaji anayejua kazi yake haonyeshi jalada na kuishia hapo, bali huonyesha karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya sahani pande zote mbili. Hapo huandikwa jina la wimbo, bendi, mtunzi, nambari ya orodha ya kampuni, na mara nyingi mtindo wa wimbo, kama vile rumba, twisti au chacha. Kuna pia nambari nyingine, iliyochorwa juu ya vinili yenyewe katika eneo tupu ambamo sindano huingia wimbo unapokwisha, nayo huitwa matriki, kwa maana ya alama ya bamba lililotumika kufyatulia sahani hiyo. Matriki ina manufaa makubwa kwa mtafiti, kwani kampuni iliweza kuutoa tena wimbo ule ule kwa lebo nyingine na nambari mpya ya orodha, na asiyetazama matriki angehesabu rekodi mbili mahali palipo na moja. Jina la mtunzi lililoko kwenye lebo, kwa upande mwingine, lapasa kusomwa kwa tahadhari, kwa kuwa linaonyesha aliyeandikishwa na kampuni, naye si lazima awe ndiye aliyetunga. Ubishi wa miongo mingi kuhusu utunzi wa wimbo wa Malaika, ambao wengine humpa Fadhili William na wengine Adam Salim, watosha kuwa onyo.

Jambo jingine ambalo lebo hufichua ni namna teknolojia ilivyokata muziki vipande. Wimbo wa dansi au wa benga ulipopigwa ukumbini ungeweza kuendelea kwa muda mrefu kadiri wachezaji walivyotaka, lakini upande mmoja wa sahani ndogo haukubeba zaidi ya dakika chache, kwa hiyo wimbo uligawanywa, sehemu ya kwanza ikawekwa upande A na ya pili upande B. Mara nyingi sehemu ya kwanza ndiyo yenye mashairi mengi, na ya pili ndiyo yenye chemko, yaani kipande cha mwisho ambapo magita huachiwa nafasi na watu hupanda mori wa kucheza. Nyimbo hizo zilipokuja kukusanywa katika albamu za baadaye, wakati mwingine zilichukuliwa sehemu za kwanza peke yake, jambo ambalo mpenzi wa dansi ana kila sababu ya kulihesabu kuwa hasara, na hapo sahani ndogo iliyochakaa huwa na thamani kuliko albamu safi.

Upande wa Tanzania suala lina sura yake. Bendi nyingi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya matangazo, rekodi hizo zikahifadhiwa katika tepu, na bendi zilipotaka kutoa santuri ziliutegemea sana mji wa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Tanzania na Kenya kufungwa hadi mwaka 1983, njia hiyo ikawa ngumu, na kwa hiyo mtu anayetafuta santuri za bendi za Dar es Salaam za miaka ile hukutana na pengo ambalo bidii ya kutafuta haiwezi kuliziba, kwa sababu nyimbo nyingi zilizopigwa redioni kila siku hazikuwahi kufyatuliwa kuwa sahani. Wanamuziki waliokuwa tayari upande wa pili wa mpaka waliendelea kurekodi. Ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga walikwisha kuanzisha Simba Wanyika nchini Kenya mwaka 1971, na mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wakajitenga na kuunda Les Wanyika, kundi lililotoa Sina Makosa. Mbaraka Mwinshehe, aliyepata jina akiwa na Morogoro Jazz na kisha kuongoza Super Volcano, alifariki katika ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979, na baada ya kifo chake nyimbo zake zilikusanywa katika mfululizo wa santuri ndefu ulioitwa Ukumbusho, ambao mpaka leo ni mtihani kwa mkusanyaji, kwa kuwa asiyekuwa na juzuu moja huziona zote alizo nazo kuwa pungufu.

Kaseti, na hasa kaseti za kunakili bila kibali, ziliidhoofisha biashara ya santuri katika miaka ya 1980, na sahani zikahamia mabohari, maktaba za redio na nyumba za wazee. Huko ndiko zinakotoka zinapofika sokoni leo. Jijini Nairobi vibanda vya Kenyatta Market vimejulikana kwa biashara hiyo, kama ilivyojulikana mitaa ya River Road kwa maduka ya muziki enzi zake. Bei hutegemea uhaba na hali ya sahani, na hali hiyo hupimwa kwa madaraja yaliyoenezwa na jarida la Goldmine la Marekani, kuanzia sahani ambayo haijawahi kupigwa hadi isiyofaa kupigwa tena. Mnunuzi mgeni na ajue kwamba katika kipimo hicho sahani ya daraja la “nzuri” tayari imechakaa na itatoa mikwaruzo ya kutosha.

Mahitaji yamepanda kwa sababu vinili imerudi katika nchi tajiri: nchini Marekani mapato yake yaliyapita ya sidii mwaka 2020, na mwaka 2022 hata idadi ya nakala zilizouzwa ikapita, mambo ambayo hayakuwa yametokea tangu miaka ya 1980. Mkondo huo umeleta wanunuzi wa kigeni kwenye santuri za hapa, na matokeo yake yana pande mbili. Albamu za mkusanyiko kama zile za mfululizo wa Zanzibara zilizotolewa Ufaransa, au Kenya Special ya lebo ya Soundway mwaka 2013, zimewarudishia wasikilizaji nyimbo zilizokuwa hazipatikani tena, zikiwa na maelezo ya wapigaji na mazingira yao. Kwa upande mwingine, santuri nyingi zimesafiri nje moja moja ndani ya mabegi bila kuandikwa popote, na sahani inayoondoka bila kusomwa huondoka na ushahidi wake. Ieleweke pia kwamba anayenunua sahani hanunui haki ya kuitoa upya. Haki za mtunzi na za mtayarishaji wa rekodi hulindwa na sheria za Kenya na za Tanzania kwa miongo mingi, na familia za wanamuziki waliofariki zinastahili kuulizwa kabla wimbo haujafyatuliwa tena.

Katika mizani hiyo, mkusanyaji anayeonyesha alichonunua ni bora kuliko anayeficha, hata kama kinachomsukuma ni sifa, mradi aonyeshe lebo zote mbili, asome matriki, aeleze sahani imetoka mkoa gani, na aruhusu sauti yake inakiliwe kwa ajili ya hifadhi. Anayeficha kwa hofu kwamba wenzake watapandisha bei hulinda fedha zake na kuwanyima wengine habari ambayo huenda haipatikani kwingine.

Kwa msomaji ambaye nyumbani kwao kuna sanduku la santuri za mzazi au babu, ombi ni hili: kabla ya kuuza au kutupa, zipangwe wima mbali na jua na unyevunyevu, kila sahani ipigwe picha pande zote mbili mahali penye mwanga, nambari zake ziandikwe, na mzee aliye hai aulizwe zilinunuliwa wapi na nani alikuwa akipiga gita.