Anita Mui: Aliyefunga Ndoa na Jukwaa

Wapenzi wa sinema za Jackie Chan mtamkumbuka yule mama wa kambo kwenye Drunken Master II ya mwaka 1994, mwenye maneno mengi na mpenda kamari, anayejiliza mumewe akitokea. Ndiye Anita Mui. Kichekesho ni kwamba huyo "mama" alikuwa mdogo kwa "mwanawe" kwa miaka 9!

Kwao Hong Kong alijulikana kwanza kama mwimbaji, na wala hakuanza kwa kusaka ustaa. Alizaliwa 1963, akakua bila baba, na hata miaka 6 hajafikisha tayari anapanda jukwaani na dada yake Ann kutafuta riziki ya nyumbani. Shule aliiacha njiani.

Mwaka 1982, akiwa na miaka 18, akashinda shindano la waimbaji wapya la televisheni ya TVB. Sauti yake ilikuwa nzito, si ile nyororo iliyozoeleka kwa mabinti, na ndiyo iliyombeba. Kuanzia 1985 hadi 1989 akazoa tuzo ya mwimbaji bora wa kike miaka 5 mfululizo. 1990 akasema basi, tuzo hataki tena, wapate na wengine. Mastaa wangapi wanaweza hilo?

Ukidhani waimbaji huingia kwenye sinema kuuza sura tu, tafuta Rouge ya mwongozaji Stanley Kwan. Anita ni mzuka wa kahaba wa miaka ya 1930 aliyekubaliana na mpenzi wake, Leslie Cheung, wanywe sumu wafe pamoja. Yeye akafa. Nusu karne baadaye anarudi kumtafuta, kumbe jamaa yu hai, mzee, kachoka. Hafanyi fujo. Anamrudishia kidani chake na kuondoka zake. Nimeiangalia mara tatu na bado koo hunikaba hapo. Ilimpa tuzo ya Golden Horse huko Taiwan 1987, kisha ya Hong Kong 1989.

Kwenye maisha halisi hakuolewa. Mwaka 2000 saratani ya mlango wa kizazi ilimchukua dada yake Ann. 2003 Anita akatangaza kuwa naye anayo. Leslie, rafiki yake wa karibu, alikuwa amefariki Aprili mwaka huohuo. Novemba, huku anaumwa, akafanya maonyesho 8 na kuaga akiwa ndani ya shela, akiwaambia mashabiki kuwa ameolewa na jukwaa. Desemba 30 akafariki, umri miaka 40.

Sasa wosia. Mama yake hakuachiwa mali yote mkononi, bali posho ya dola za Hong Kong 70,000 kila mwezi, kupitia wadhamini. Utasema ni ukatili kwa mzazi. Mimi nasema, mtu aliyelisha nyumba tangu utotoni alizijua hesabu za nyumba hiyo. Mama alikwenda mahakamani, kesi ikapanda hadi mahakama ya mwisho ya rufani, na mwaka 2011 akashindwa.