Kaburini asubuhi, pembeani jioni

“Mwaka huu sisi hatuna sikukuu.” Kauli hiyo husikika Ramadhani inapoelekea ukingoni, katika nyumba iliyofiwa. Bibi kaondoka Rajabu au Shaabani, msiba bado mbichi, na wakubwa wa nyumba wameshakata shauri: hakuna nguo mpya, hakuna kuoka vileja, na mtoto asithubutu kutaja habari za pembea. Majirani wanaelewa, hawaulizi. Wanaoumia ni watoto, maana hakuna aliyewaeleza kwa nini kufa kwa mtu aliyewapenda kuliko wote kuwe adhabu juu yao.

Naandika kuwatetea watoto hao, na naamini kwa kufanya hivyo namtetea bibi pia.

Asiyekulia pwani huenda asijue uzito wa jambo hili. Kwa mtoto wa Unguja, Idi bila kwenda kiwanja cha kufurahishia watoto pale Kariakoo si Idi. Kwa wa Chake Chake, ni Tibirinzi. Wa Mombasa ana Makadara. Baada ya alasiri njia zote huelekea huko: makoti madogo yaliyonunuliwa makubwa makusudi ili yavaliwe na mwakani, magauni yenye marinda, mikono iliyochorwa hina, mabaluni, bisi, askirimu inayochuruzika hadi kwenye kiwiko. Na fedha ya yote hayo hutoka wapi? Baba hutoa, ami hutoa, lakini mkono wa Idi wa bibi ndio unaosubiriwa tangu alfajiri.

Bibi yetu alikuwa akizitafuta noti mpya mapema, akazificha ndani ya msahafu zisikunjike. Siku ya siku alizihamishia kwenye pindo la kanga na kuzitoa moja moja, kila mjukuu na dua yake. Jioni tukaenda naye uwanjani. Sikumwona hata siku moja akipanda pembea. Alikaa kwenye benchi, buibui amelikunja magotini, na miguuni pake safu ya viatu vyetu, kwa sababu viatu vya Idi vilibana na kila aliyeshuka kwenye pembea alivivua akamwachia yeye. Alijua kiatu cha nani ni kipi. Alijua pia nani keshamaliza pesa zake zote kwenye askirimu, na pindo likafunguliwa tena, kwa siri, ili ndugu wengine wasione.

Benchi la namna hiyo lina historia yake. Walt Disney alisimulia kwamba wazo la kujenga bustani ya michezo ya Disneyland lilimjia alipokuwa ameketi kwenye benchi katika bustani ya Griffith Park, Los Angeles, akitafuna njugu huku binti zake wawili wakizunguka kwenye farasi wa mbao. Aliona kwamba mtu mzima hana la kufanya mahali pale ila kusubiri, akataka pawepo mahali ambapo wazazi na watoto watafurahi pamoja. Disneyland ikafunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955. Namheshimu kwa wazo lake, lakini bibi yetu nadhani angemwambia kwamba kukaa pale na kuangalia wajukuu ndiyo iliyokuwa raha yake.

Na watu hawawasahau waliokuwa wakikaa kwenye mabenchi hayo. Mwaka 2018 gazeti la The Wall Street Journal lilieleza jinsi familia za Kimarekani zinavyoingia kwa siri kwenye bustani za Disney na majivu ya jamaa zao waliochomwa baada ya kufa, wakayamwaga kwenye maua au ndani ya jumba la mizimu. Ni marufuku, na wafanyakazi wakiyaona huja na mashine ya kufyonza vumbi. Sisi hatuchomi maiti na sikusudii kuiga, ila nawaelewa: walitaka kumwacha mzee wao mahali alipocheka. Njia ya Wamexico naiona nzuri zaidi. Katika bustani jirani na Disneyland, msimu wa vuli tangu 2017, huwekwa mahali pa kuwakumbuka marehemu kwa desturi ya Siku ya Wafu, na wageni huandika ujumbe kwa wapendwa wao kabla ya kuendelea na michezo. Kumbukumbu na mchezo vimewekwa ua mmoja, na hakuna kilichokidharau kingine.

Turudi kwetu, maana hoja yangu haitegemei Marekani. Anayewazuilia watoto sikukuu mara nyingi hudhani anafuata dini. Dini inasema nini? Mjane ana eda yake, miezi minne na siku kumi. Kwa maiti mwingine, hata awe mzazi, mwanamke hakuruhusiwa kuacha mapambo kwa ajili ya msiba zaidi ya siku tatu. Huzuni ya moyoni haina kipimo, hiyo ni ya mtu na Mola wake, lakini msiba unaoonekana kwa nje umewekewa mpaka. Ama mchezo siku ya Idi, hadithi zake ni mashuhuri. Wasichana wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwa Bi Aisha, Abubakar akawakemea, na Mtume akamwambia awaache kwa kuwa kila watu wana sikukuu yao. Wahabeshi wakacheza kwa mikuki msikitini, na Mtume akamsimamia Bi Aisha ili aangalie mpaka achoke mwenyewe. Nyumba ile haikuwa ngeni kwa misiba.

Kuhusu kuzuru makaburi siku ya Idi, masheikh wanatofautiana. Wapo wanaosema siku hiyo ni ya furaha na isitengwe kwa kaburi, na wapo wanaoona hakuna ubaya. Wanatofautiana pia kuhusu wanawake kuingia makaburini. Siwezi kuamua kati yao. Ninalolijua ni kwamba wengi wetu huenda, na wasiotaka kwenda siku hiyo wanaweza kwenda siku moja kabla. Ni sunna kuiendea sala ya Idi kwa njia moja na kurudi kwa njia nyingine, na katika familia nyingi njia ya kurudia imepitishwa Mwanakwerekwe kule Unguja au Kikowani kule Mombasa, bila mtu kulifanya kuwa jambo kubwa.

Ninachosisitiza ni kwamba watoto wachukuliwe. Wasiachwe ndani ya gari na simu mkononi. Wafundishwe kuwasalimia watu wa makaburini, waonyeshwe jiwe la bibi, wang'oe magugu, wasome Fatiha kadiri wanavyoijua. Na asiwepo wa kuwalazimisha kulia. Mtoto wa miaka sita atasoma dua sasa hivi na baada ya dakika mbili atafukuza mjusi kati ya makaburi. Hajamdharau mtu. Ndivyo mtoto anavyohuzunika, kwa vipande vidogo, na katikati ya vipande hivyo anahitaji kucheza.

Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ardhi yenyewe inaonyesha jambo hili. Kuna bustani kubwa ya michezo ya maji, ambako sikukuu ikifika watoto hupanga foleni kuserereka kwenye mabomba ya rangi hadi bwawani. Jirani na hapo kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, yaliyopambwa zamani kwa bakuli za kaure kutoka China. Waliozikwa pale walikuwa bibi na babu wa watu, na waliowazika walitumia vyombo vya thamani ili wakumbukwe. Wengi huenda kuogelea na kurudi bila kujua. Ningependa kila mzazi anayepeleka watoto Kunduchi atenge muda wa kwenda kuyatazama makaburi yale kabla watoto hawajalowa maji.

Nyumbani kwetu, Idi ya kwanza baada ya bibi ilikuwa na ubishi. Ami alishasema hakuna sikukuu. Shangazi, binti mkubwa wa marehemu, alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema: “Kaka, mama kaniachia hawa.” Asubuhi tukaenda kaburini, jioni akawapeleka watoto Kariakoo. Kwenye benchi mmoja wao alivua viatu, akasimama navyo mkononi, akauliza amwachie nani. Shangazi akavipokea. Akalia kidogo pale pale mbele ya watu, na pembea zikaendelea kuzunguka.

Halafu akafanya jambo ambalo familia yetu imelishika. Sahaba Saad bin Ubada alifiwa na mama yake, akamuuliza Mtume kama sadaka atakayomtolea itamfaa, akajibiwa ndiyo, naye akatoa bustani yake. Sisi hatuna bustani. Shangazi alikuwa na noti mpya za mkono wa Idi ambazo marehemu alikwisha kuzikusanya na hakuwahi kuzigawa. Nje ya geti palikuwa na watoto wa mtaani kwetu, wengine mayatima, wanaoangalia pembea kupitia wavuni kwa kuwa hawana kiingilio. Akawanunulia tiketi wote kwa nia ya thawabu zimfikie mama yake.

Mwaka uliofuata alipopitisha bakuli kwa ajili ya tiketi hizo, ami ndiye aliyetoa kwanza, na alitoa zaidi yetu sote.